Dirisha la Tangi Letu Halina Hatia

Kutoka ndani ya gari liitwalo Tumefika,
limeegeshwa kwa muda nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma,
upande wa kivuli (asubuhi tu).

Kwa Mhariri wa Gazeti, au yeyote anayemfungulia barua zake.

Ndugu Mhariri,

YAH: KIOO CHANGU KUTIWA HATIANI BILA KUSIKILIZWA

Nakutakia asubuhi njema, au mchana mwema kama ofisini kwako barua hufunguliwa baada ya chakula. Mimi ni msomaji wako wa miaka ishirini na sita. Nalisoma gazeti lako kuanzia kichwa cha habari hadi matangazo ya watu waliopoteza vyeti, na nikishamaliza nafungia vioo visije vikakwaruzana. Nasema haya ili ujue kwamba anayekulalamikia si mpita njia, ni mtu wa nyumbani.

Kwa kifupi, gazeti lako limeniharibia safari. Alhamisi hii mke wangu anapanda basi kwenda kwa binti yetu, anayetarajia mtoto wake wa kwanza mwezi ujao, na mimi naachwa hapa na gari zima lenye vitanda viwili. Sababu ni mistari sita iliyochapwa Jumamosi, majuma matatu yaliyopita, kwenye ukurasa wa nyumba na familia, chini ya picha ya mwandishi wenu anayejiita Shangazi Usafi. Hiyo ndiyo kwa kifupi. Kwa kirefu, vuta kiti.

Mimi ni fundi vioo mstaafu. Nimekata na kupachika vioo kwa miaka thelathini na minne, kwenye shule, zahanati, maduka ya dawa na majumba ya watu ambao hawakunikaribisha hata maji. Nilipostaafu, mimi na mke wangu tulinunua gari kuukuu lililokuwa maktaba ya kutembea. Tuling'oa rafu za vitabu, tukatia vitanda viwili, jiko la gesi, sinki, na bafu la kusimama mtu mmoja asiyependa kunyoosha viwiko. Chini ya kitanda changu tukaweka tangi la maji safi, la plastiki nyeupe, lita mia moja na themanini. Mke wangu ndiye aliyeliita gari Tumefika, kwa hoja kwamba anayelala garini, popote atakaposimama amefika. Alikuwa karani wa shule na hoja zake huwa zimenyooka hivyo. Ni yeye pia ambaye kwa kawaida husahihisha barua zangu, lakini hii naiandika peke yangu kwa sababu ambazo utaziona, kwa hiyo makosa ya maandishi ni yangu na makosa mengine yote ni yenu.

Sasa naanza malalamiko yangu, nikiyapa namba ili usije ukasema umepotea njiani.

1. Sikusikilizwa. Mke wangu aliwaandikia kwa siri, akajiita Mwenye Kiu Safarini. Aliandika kwamba anaishi kwenye gari, kwamba maji ya tangi yamegeuka kijani na ukuta wake unateleza kama sabuni, kwamba mume wake ni mtu mwema sana ila amelitia tangi dirisha, afanyeje. Shangazi Usafi akajibu kwamba utelezi ule, ambao wasomi huuita mwani, chakula chake ni mwanga; kwamba tangi limwagwe, lisafishwe kwa klorini ya kufulia, lisuuzwe, na dirisha lizibwe. Mwishoni akaongeza maneno matano ambayo nayajua kwa moyo: "na mume pia aelimishwe taratibu." Mhariri, hata mwizi wa kuku huulizwa kwanza ana lipi la kusema. Na lile jina la siri halikumficha mtu yeyote. Katika eneo hili lote wangapi wana gari lenye dirisha kwenye tangi? Fundi wa kuchomelea, tunayeegesha nyuma ya karakana yake, aliwasomea wateja wake kwa sauti. Mama muuza mayai kila asubuhi huniuliza kama nimeshaelimishwa au bado. Anauliza kwa heshima, na hiyo ndiyo inayouma zaidi.

2. Hamkuuliza dirisha liliwekwa kwa nini. Tangi letu halina kipimo. Mwanzoni tulikuwa tunaligonga kwa kijiko na kusikiliza, mke wangu akisema limejaa, mimi nikisema limebaki nusu, na mara nyingi likawa tupu. Siku moja alikuwa anaosha nywele, maji yakakatika. Alitoka bafuni na taulo kichwani, hakusema neno, akaenda kukaa nje. Mtu ambaye hajawahi kunyamaziwa na mke wangu hajui kimya ni nini. Siku iliyofuata nilikata ubavu wa gari, nikakata na kipande cha tangi, nikapachika kioo cha milimita sita, sentimita arobaini kwa sitini, kingo zimesagwa, gundi nyeusi pande zote nne. Mpaka leo halijavuja tone. Kwa kalamu nyekundu nikachora mistari mitatu juu ya kioo: JUU KABISA, INATOSHA, na USIOSHE NYWELE. Hilo ndilo dirisha mnaloliita kosa. Nililiweka kwa mapenzi, na kwa majuma matatu mke wangu alikuwa akitoa kiti chake nje na kulitazama jua linavyocheza ndani ya maji, akisema ni zuri. Hilo hakuwaandikia.

3. Kuhusu mwanga kuwa chakula. Nimetia madirisha katika madarasa yasiyo na idadi. Watoto wamekaa kando ya vioo vyangu miaka saba mfululizo, jua likiwapiga shavuni, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kijani.

4. Tuseme basi, kwa ajili ya amani, kwamba Shangazi Usafi yuko sahihi. Kama kosa ni mwanga kuyafikia maji, kwa nini mwanga wa kwanza kushtakiwa ni wangu? Mezani kwako hapo, Mhariri, sina shaka pana jagi la kioo. Lizibe. Dirisha nyuma yako linaloliangaza jagi hilo, lizibe pia, vinginevyo tutasema sheria inawaangalia mafundi wastaafu na kuwapita wakubwa. Mito ifunikwe. Mabwawa yapigwe mabati. Na kwa kuwa jua ndilo lenye mwanga wenyewe, na wote waliobaki ni wasambazaji tu, barua ya onyo ingeandikwa kwake kwanza, nakala kwangu. Sina kinyongo na jua, tumefanya kazi pamoja vizuri. Ninachosema ni kwamba tufuate ngazi.

5. Pamoja na hayo yote, nilitii. Naomba hili liandikwe kwa herufi kubwa. Shangazi Usafi alisema robo kikombe cha klorini kwa kila lita sitini. Tangi letu ni lita mia moja na themanini, yaani robo tatu za kikombe. Nikachukua kikombe changu cha kazini, ambacho nimekunywea chai tangu nikiwa fundi mdogo, nikapima robo tatu kwa uangalifu mkubwa. Kikombe hicho kinaingia lita moja kamili. Hakuna mahali palipoandikwa kikombe cha nani.

Tulipofungua bomba, macho yalitutoka machozi kabla maji hayajatoka. Nilisuuza mara mbili nikaona yatosha. Chai ilikuwa na ladha ya bafu la hoteli. Gauni la mke wangu la bluu, lile la harusini, aliloliosha kidogo tu kwenye sinki, likatoka na mawingu meupe kuanzia kiunoni kushuka. Nilimwambia kwamba limependeza, linafanana na anga. Hakukubaliana nami, na wala sikuendelea na mada hiyo.

Baada ya siku tisa, huku dirisha likiwa wazi kama kawaida, kijani kikarudi kikiwa na afya kuliko mwanzo. Naona Shangazi Usafi alitegemea nizibe. Mimi nilitegemea kipimo. Kwa hiyo dawa yenu haifanyi kazi, na naomba muikanushe.

6. Nikatafuta njia ya busara. Utelezi wa kijani ni majani ya majini, na majani huliwa. Nilikwenda kwa bwana anayeuza miche ya maua, mwenye bwawa dogo nyuma ya kitalu, akanipa samaki wadogo watatu. Nimelisoma jibu la Shangazi Usafi mara nne na hakuna mahali alipokataza samaki. Nikawatia kwenye tangi mchana, mke wangu akiwa sokoni. Mhariri, laiti ungeona. Walipita mbele ya kioo mmojammoja wakichuna ule utelezi kama wanaolipwa kwa kazi. Siku ya pili watu walikuja kutazama. Fundi wa kuchomelea aliacha lango la mtu nusu, akaja na miwani yake ya giza, akasema hajawahi kuona gari lenye samaki. Mke wangu akadhani watu wamekuja kucheka kijani, akajifungia ndani. Nilikusudia kumwambia habari njema jioni.

Siku ya tatu asubuhi aliingia bafuni. Alipofika kwenye povu la kichwa, pampu ikakohoa mara mbili ikanyamaza. Samaki mmoja, yule mnene, alikuwa amevutwa akakaa barabara mdomoni mwa bomba, kwenye kichujio. Nilimtoa akiwa mzima, ila amekasirika. Mke wangu alimaliza kuoga kwa maji ya chupa ya kunywa, akavaa, akatoka, akamkuta samaki ndani ya bakuli lake la kukandia unga. Alitazama bakuli, akanitazama mimi, kisha kwa mara ya kwanza akaelewa kwa nini watu walikuwa wamejaa nje.

Ndipo akasema neno ambalo ndilo chimbuko la barua hii. Hakupaza sauti. Alisema, "Mjukuu wangu hataogeshwa kwa supu."

7. Sasa nafika penye uchungu wenyewe. Tulipanga sisi wawili kwenda kwa binti yetu na Tumefika, tuegeshe mlangoni kwake miezi mitatu, tumsaidie bila kumjazia nyumba. Nyumba yake ina chumba kimoja na sebule, na mkwe wetu ni kijana mpole anayeona haya kumfukuza mtu. Maji ya moto ya mtoto yatoke kwenye gari letu, nguo zake zifuliwe kwenye gari letu, na bibi na babu walale kwenye gari letu. Baada ya ile asubuhi ya povu mpango ukabadilika. Mke wangu amekata tiketi moja ya basi. Atalala sebuleni kwa mkwe, kwenye kochi, na mimi nije nitakapokuwa na maji ya watu. Begi lake liko mlangoni tangu juzi. Nalipita kila nikienda kwenye jiko, na kila mara nagonga kidole kilekile cha mguu.

Tangu tuoane hatujawahi kusafiri kila mtu kivyake ila mara moja, alipokwenda kujifungua binti huyuhuyu kwa mama yake. Nilikaa siku kumi na nane nikila mkate. Ukiniuliza kwa nini nakuandikia wewe badala ya kuzungumza naye, nitakujibu kwamba naye alikuandikia wewe kwanza.

Pengine unajiuliza mke anafanya nini cha mno ndani ya gari hata fundi mzima atoe povu namna hii. Nitakuambia. Mimi macho yangu yanaona mbali lakini vibao vya barabarani huviona vikishapita. Yeye huvisoma. Huniambia punguza, tuta lipo, na kweli lipo. Humenya chungwa bila kuliangalia na kuniwekea vipande mkononi, kimoja kimoja, bila kokwa. Huimba ubeti wa pili kabla ya ule wa kwanza. Nikikosea njia hanisemi mpaka tupate pa kugeuzia. Bila yeye nitafika, ndiyo, lakini sijui wapi.

Kwa sababu hizo zote, naliomba gazeti lako mambo yafuatayo:

(a) Jibu la Shangazi Usafi lifutwe kwa tangazo la ukubwa uleule, mahali palepale, likisema kwamba dirisha ni kitu chema popote lilipo, na kwamba mume alikuwa ameshaelimika.

(b) Mpaka tangazo hilo litoke, gazeti zima lichapwe giza, maandishi meusi kwenye karatasi nyeusi, ili nanyi muonje kuzibiwa mwanga.

(c) Kwa kuwa Shangazi Usafi ndiye aliyemtoa mke wangu kwenye kiti cha mbele, Shangazi Usafi aje akikalie mwenyewe. Aje na nguo za kubadilisha na awe anajua kumenya chungwa. Kuimba si lazima. Tukifika kwa binti yangu atamweleza mke wangu, mbele ya mkwe, kwamba alimhukumu mtu asiyemjua. Kisha anaweza kurudi kwa basi, lile lile.

Nadhani hayo si mengi kwa msomaji wa miaka ishirini na sita. Nisipojibiwa ndani ya juma moja nitalazimika kuhamia gazeti lingine, ingawa karatasi yake ni nyembamba na haifai kufungia vioo.

Nisalimie wote hapo ofisini: wanaochapa, wanaosambaza, yule mpiga picha anayekata vichwa vya watu, na mlinzi wa mlangoni. Shangazi Usafi naye msalimie, lakini kwa ufupi. Huku fundi wa kuchomelea anakusalimu, mama muuza mayai anakusalimu, na samaki watatu wako kwenye beseni chini ya bomba la karakana, wanaendelea vizuri.

Ni mimi, mwenye kioo safi na maji yenye kesi,

Fundi Vioo (Mstaafu)

N.B. Bahasha ilikuwa imeshafungwa. Nimeifungua tena, kwa hiyo usishangae gundi, wala alama nyeusi za vidole kwenye kurasa zote. Ni rangi.

Jana mchana mkwe wangu alipiga simu. Mtoto hakusubiri mwezi ujao. Ni wa kike, mama yake ni mzima, naye ni mzima, analia kwa nguvu. Nilimsikia kwenye simu na nikalazimika kukaa juu ya begi la mke wangu.

Mke wangu alikuwa bado anauliza maswali ya kike wakati mimi nimeshatoka nje. Nilifungua tangi likamwagika lote. Nilikipaka kioo rangi nyeusi iliyobaki tulipopaka bampa, mara mbili, kwa nje, ukingo hadi ukingo, bila mtu kuniambia. Nikaazima kikombe cha mke wangu, kile kidogo chenye maua, nikapima robo, robo, robo. Nikayapitisha maji kwenye mabomba yote, yakakaa mpaka magharibi, nikayamwaga, nikasugua kwa kitambaa kipya, nikaanza kusuuza. Maji yametoka meupe kama yalivyo maji. Kwa hiyo malalamiko namba moja hadi sita nayaondoa, na namba saba imejiondoa yenyewe, kwa kuwa tiketi ya basi tumemwachia mama muuza mayai akamtembelee dada yake. Maombi (a) na (b) yasitekelezwe. Ombi (c) nakuomba hasa ulisahau, kwa sababu kiti cha mbele kina mtu, na hivi ninavyoandika anapiga honi.

Nina swali moja tu, nalo ni la haraka na si la kuchapisha. Muulize Shangazi Usafi, mpe na heshima zangu zote: kwa mtoto wa kilo tatu na gramu mia mbili, tangi husuuzwa mara ngapi? Mimi nimesuuza mara saba, na bado naona kama haitoshi.